Augustus Saint-Gaudens na Sanamu ya Askari Weusi

Mara hii tunawaletea habari za mtu ambaye hakuwa mhubiri wala mmisionari, bali fundi wa sanamu. Jina lake Augustus Saint-Gaudens. Huko Marekani jina hili ni maarufu, maana sanamu zake zimesimama katika miji mikubwa ya nchi ile, na sarafu ya dhahabu ya dola 20 iliyotolewa mwaka 1907 ilikuwa kazi yake. Sisi tunataka hasa kueleza kazi yake moja, sanamu ya askari weusi waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ya shaba iko mjini Boston. Ya plasta iko mjini Washington, na kama tutakavyoona, hiyo ya plasta ndiyo aliyoishughulikia mpaka mwisho.

Augustus alizaliwa Dublin, nchini Ireland, tarehe 1 Machi 1848. Baba yake, Bernard, alikuwa Mfaransa, fundi viatu kutoka kijiji cha Aspet karibu na milima ya Pyrenees. Mama yake, Mary McGuinness, alikuwa mwenyeji wa Ireland. Miaka ile nchi hiyo ilikuwa katika njaa kubwa. Viazi, chakula cha maskini, vilioza mashambani kwa ugonjwa, na watu wengi sana walikufa au waliikimbia nchi. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi sita hivi, wazazi wake walipanda merikebu wakavuka bahari, wakashuka Boston, kisha wakahamia New York. Huko baba alifungua duka la viatu. Basi mtu huyu, ambaye baadaye taifa la Marekani lilimpa kazi ya kuwakumbuka mashujaa wake, aliingia nchi hiyo akiwa mtoto mchanga mikononi mwa wahamiaji maskini.

Alipofika umri wa miaka 13 aliacha shule, akawekwa kuwa mwanafunzi wa kazi kwa Mfaransa mmoja aitwaye Louis Avet. Kazi yenyewe ilikuwa kuchonga sura ndogo ndogo za watu na wanyama katika mawe na makombe, kwa ajili ya pini na vikuku vya mabibi wenye mali. Ni kazi ya macho na subira. Avet alikuwa mtu mkali mno, na Saint-Gaudens alipokuwa mzee alizifananisha siku zile na utumwa. Siku moja Avet alimfukuza kwa hasira kwa sababu ya makombo ya mkate yaliyodondoka sakafuni. Hasira zilipotulia, bwana yule alikwenda mwenyewe mpaka duka la viatu kumwomba baba amrudishe kijana, akaahidi kumwongezea mshahara. Kijana alikataa. Baba, ambaye bila shaka fedha ile ingemfaa, hakumlazimisha, bali alimtazama mwanawe kwa fahari. Alipata bwana mwingine mwenye utu, na jioni alikwenda kujifunza kuchora katika chuo cha Cooper Union. Sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya madarasa tunawajua vijana wa namna hii: mchana wanafanya kazi, usiku wanafuata elimu, na usingizi wanauiba.

Wakati huo vita vilikuwa vimeanza. Majimbo ya kusini yalijitenga mwaka 1860 na 1861 ili yaendelee kumiliki watumwa, na kaskazini ikapigana kulinda umoja wa nchi. Kutoka dirisha la karakana kijana aliviona vikosi vikipita barabarani vikienda kusini. Aliona pia jambo la aibu. Mwezi Julai 1863, serikali ilipoanza kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima, maskini wa New York walifanya ghasia kwa siku kadhaa. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, watu wa upande wa mama yake. Hasira yao waliwageukia watu weusi, wakawapiga, wakawanyonga barabarani, wakachoma hata nyumba ya watoto yatima weusi. Augustus alikuwa na umri wa miaka 15, naye aliishi katika mji huo huo.

Ghasia zile zilianza tarehe 13 Julai. Tarehe 18 Julai, mbali sana kusini, kwenye pwani ya South Carolina, kikosi cha watu weusi kilipewa amri ya kuishambulia ngome ya Fort Wagner. Hiki kilikuwa Kikosi cha 54 cha Massachusetts. Rais Lincoln alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari mwaka huo, na tangu hapo watu weusi wakaruhusiwa kuingia vitani. Gavana John Andrew wa Massachusetts aliunda kikosi hicho, na Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa hapo zamani, alizunguka kuwaita vijana wajiunge. Wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiandikisha. Kanali wao alikuwa kijana mweupe, Robert Gould Shaw, mwenye umri wa miaka 25, mtoto wa tajiri wa Boston.

Inafaa kufahamu watu hawa waliyakubali mambo gani. Serikali ya kusini ilitangaza kuwa mweusi atakayekamatwa na silaha hatahesabiwa kuwa mateka wa vita. Angeweza kuuawa au kuuzwa utumwani. Upande wao wenyewe nao haukuwatendea haki. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari wengine, lakini wakapewa dola 10, na katika hizo zikakatwa 3 za nguo. Walikataa kupokea hata senti. Kwa muda wa miezi 18 walipigana bila mshahara, na wake zao nyumbani wakitaabika, mpaka Bunge lilipowapa haki yao mwaka 1864.

Jioni ile ya Julai walikwenda mbio juu ya mchanga wa pwani, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili, wakielekea kuta za ngome. Walikuwa 600 hivi. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walipita 270. Kanali Shaw aliuawa juu ya ukuta. Sajini William Carney, aliyezaliwa mtumwa, aliishika bendera akarudi nayo ingawa alikuwa amepigwa risasi zaidi ya mara moja. Ngome haikutekwa siku ile. Adui walimzika Shaw katika shimo moja na askari wake weusi, wakidhani wamemvunjia heshima. Baba yake alipopata habari aliomba maiti isihamishwe. Hakuona mahali bora kuliko hapo, katikati ya watu wake.

Turudi kwa kijana wetu. Mwezi Aprili 1865 Lincoln aliuawa, na mwili wake ukapitishwa New York ili watu wamuage. Augustus alisimama katika mstari mrefu mno mpaka akamwona. Alipotoka alikwenda nyuma ya mstari akaanza kusubiri upya ili amwone mara ya pili. Miaka 22 baadaye alisimamisha sanamu ya Lincoln katika mji wa Chicago, na watu waliomfahamu Lincoln kwa macho waliisifu.

Miaka ya katikati tutaipita upesi. Mwaka 1867 alikwenda Paris akasoma katika chuo kikuu cha sanaa, na vita vya Ufaransa na Prussia vilipotokea mwaka 1870 alihamia Roma, ambako aliishi kwa kuchonga zile sura ndogo ndogo alizojifunza utotoni. Mwaka 1877 alimwoa Augusta Homer, msichana wa Massachusetts aliyekuwa mchoraji na mwenye uziwi. Katika ndoa yao hakuwa mwaminifu, na mkewe aliyajua. Mwaka 1881 sanamu yake ya Amiri Farragut, shujaa wa majini, ilifunuliwa New York, na tangu siku hiyo hakukosa kazi.

Sasa ile sanamu ya askari. Wazo la kumjengea Shaw ukumbusho lilikuwa la zamani. Askari wa kikosi chake walichanga fedha mara tu baada ya vita ile, lakini mnara haukuweza kujengwa katika nchi ya adui, na fedha zao zikaenda kusaidia shule ya watoto weusi mjini Charleston. Mjini Boston aliyelianzisha jambo ni Joshua Smith, Mmarekani mweusi aliyekuwa na kazi ya kupika karamu za matajiri. Mwaka 1884 kamati ya mji ikampa Saint-Gaudens kazi hiyo. Yeye alikusudia kumfanya Shaw amepanda farasi, peke yake, juu ya jukwaa, kama majemadari wanavyofanywa. Familia ya Shaw ilikataa. Walisema farasi wa namna hiyo ni wa majemadari wakuu, na mtoto wao alikuwa kanali tu. Hapo ndipo fundi alipopata wazo jingine: Shaw abaki juu ya farasi, lakini kando yake, na mbele, na nyuma, watembee askari wenyewe, wote wakichomoza kutoka ukuta mmoja wa shaba.

Tunaona kwamba kukataa kule kwa familia kulikuwa na heri kubwa. Kama wangekubali, tungekuwa na sanamu nyingine ya mzungu juu ya farasi, na za namna hiyo hazihesabiki duniani.

Mwanzoni askari walikuwa wapambe tu nyuma ya farasi. Lakini fundi alivyozidi kuwafanya, ndivyo walivyozidi kumshika. Aliwatafuta watu weusi mitaani New York awalipe wakae mbele yake. Haikuwa rahisi. Baadhi yao waliogopa, wakidhani wanaitwa ili waganga wawaue na kuwapasua, maana mambo ya namna hiyo yalisemwa sana. Ilimbidi amwajiri mtu mweusi awatafutie wenzake na kuwatuliza. Alifinyanga vichwa 40 hivi, kisha akachagua. Hakuna vichwa viwili vinavyofanana. Yuko mzee mwenye ndevu ambaye umri wake ungetosha kumwacha nyumbani, yuko kijana ambaye ndevu hazijaota, na mbele kabisa wako wapiga ngoma. Bunduki mabegani, blanketi zimekunjwa mgongoni, miguu imechoka.

Lazima tuseme ukweli wote. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, Saint-Gaudens aliwataja watu hawa kwa mzaha na kwa dharau iliyokuwa ya kawaida kwa watu weupe wa siku zake. Ulimi wake ulikuwa wa zama zake. Mikono yake ilifanya kitu ambacho hakikuwa kimefanywa katika nchi ile: sanamu ya taifa ambayo watu weusi wamefanywa kila mmoja na uso wake, si waliopiga magoti mbele ya mzungu, bali wanaokwenda vitani kwa miguu yao. Ni nani anayeweza kueleza jambo hili? Sisi hatuwezi, tunaliandika kama lilivyo. Hata kwetu, ile sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa vita ya 1914 hadi 1918 ina uso mmoja unaosimama kwa maelfu, na maandishi yake hayataji jina la askari hata mmoja.

Watu wa kamati walitazamia kazi iishe kwa miaka michache. Ilichukua miaka 14, kuhesabu toka mwanzo. Wazee waliotoa fedha walikufa mmoja mmoja wakiingoja. Barua za kulalamika zilikuja, naye akaendelea kubomoa na kufinyanga upya. Alileta farasi mzima ndani ya karakana ili amtazame. Juu ya askari aliweka umbo la mwanamke arukaye hewani kama malaika, na rafiki yake mmoja wa Paris alimwandikia kwamba umbo hilo halina haja, askari wanatosha. Alilibadilisha mara nyingi, lakini hakuliondoa.

Labda wasomaji wengine hawajui sanamu kubwa ya shaba hutengenezwaje. Fundi huanza na udongo wa mfinyanzi, ambao sharti uwekwe unyevu kwa vitambaa vilivyolowa, kwa kuwa ukikauka utapasuka. Udongo ukiwa tayari, humwagiwa plasta, ikakauka ikawa kalibu. Ndani ya kalibu humwagwa plasta nyingine, nayo ikitoka huwa sanamu nzima, nyeupe. Hiyo ndiyo hupelekwa kiwandani kusubiwa kwa shaba. Plasta hii ni ya jamii ya jasi, ndugu ya chaki tunayoandikia ubaoni na ya ile wanayofungia mfupa uliovunjika hospitalini. Ni nyepesi, inavunjika, inaharibika kwa mvua. Kwa kawaida kazi yake ikiisha hutupwa.

Tarehe 31 Mei 1897, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka waliokufa vitani, sanamu ya shaba ilifunuliwa Boston, mbele ya jengo la serikali ya jimbo, mahali pale pale kikosi kilipopita tarehe 28 Mei 1863 kikielekea bandarini. Mama yake Shaw alikuwa bado hai. Booker T. Washington alihutubia. Sajini Carney alikuwapo na bendera. Kisha walipita wale wa Kikosi cha 54 waliobaki, sasa wazee, wengine wamepinda migongo, wengine wanachechemea, wamevaa makoti yao ya Jumapili. Saint-Gaudens alisimama akiwatazama. Wazee walikuwa wanakwenda upande mmoja, na askari wa shaba, vijana kama wazee hao walivyokuwa, wanakwenda upande wa pili, kana kwamba hawa ndio kwanza wanaanza safari na wale wanarudi nyumbani. Aliandika baadaye kwamba jambo hilo lilimgusa moyo sana.

Mtu mwingine angepumzika. Yeye aliona bado kuna makosa. Akaendelea kuitengeneza ile plasta, akaenda nayo Paris mwaka huo huo, akambadilisha tena yule malaika na mambo mengine madogo, akaionyesha huko mwaka 1898, na tena katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1900, ambako alipewa tuzo ya juu. Kwa hiyo ukitaka kuona alichokusudia hasa, shaba ya Boston haitoshi. Itazame plasta.

Mwaka huo wa 1900 waganga waligundua kuwa ana saratani. Alirudi kuishi Cornish, kijijini katika jimbo la New Hampshire, kwenye nyumba aliyoiita Aspet kwa kukumbuka kijiji cha baba yake. Hakuacha kazi. Sanamu yake ya Jemadari Sherman ilifunuliwa New York mwaka 1903, na yule malaika wa ushindi anayemtangulia farasi wa Sherman sura yake ilitokana na Hettie Anderson, mwanamke wa asili ya Kiafrika kutoka South Carolina. Mwaka 1904 karakana yake iliungua moto, ikateketeza kazi nyingi na barua zake. Alianza tena.

Katika kazi za mwisho imo moja inayotuhusu sisi Waanglikana. Ni ukumbusho wa Phillips Brooks, Askofu wa Massachusetts wa Kanisa la Episkopali, dada wa Kanisa letu, aliyefariki mwaka 1893. Ndiye aliyetunga wimbo wa Krismasi juu ya mji mdogo wa Bethlehemu, ambao umeimbwa dunia nzima. Saint-Gaudens alimfanya askofu amesimama akihubiri, na nyuma yake Kristo ameweka mkono begani mwake. Iko kando ya Kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Boston. Ilisimamishwa mwaka 1910, na mwenye kazi hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki Cornish tarehe 3 Agosti 1907, akiwa na umri wa miaka 59.

Na plasta? Ilipelekwa Buffalo kwa maonyesho ya mwaka 1901 ikabaki katika mji huo miaka mingi, haitunzwi sana. Mwaka 1949 ilirudishwa Cornish, na baadaye ikasimamishwa nje katika bustani, ambako baridi na unyevu viliila polepole. Mwishowe mafundi waliitengeneza, Cornish ikapata nakala ya shaba, na mwaka 1997, miaka 100 kamili tangu ile siku ya Boston, plasta ikapelekwa kuwekwa katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington.

Boston nako kulikuwa na deni. Nyuma ya mnara, tangu mwaka 1897, yalikuwa yamechongwa majina ya maofisa weupe wa kikosi waliouawa. Majina ya askari weusi hayakuwapo. Yalichongwa mwaka 1982, miaka 119 baada ya Fort Wagner. Wengi wa wajukuu wa waliotajwa walikuwa wamekwisha kufa.